MAONI: Umeme wa kamio ya zamani ubadilishwe, lakini tuulize kwanza nani atatukopesha batri njiani

Wiki tatu sasa, nyumbani kwetu hapa Shari hakuna habari nyingine ila kamio. Asubuhi kamio, jioni kamio, na Jumapili tukitoka ibada watu wanasimama uani wakiitazama kama mgonjwa. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Najua si sisi tu wenye shida hii. Pita kwenye parkingi yoyote ya magari ya mzigo hapa Bunia, utaona kamio zenye umri kuliko shoferi wake, na kila moja ina mwenye mali anayejiuliza swali lile lile: umeme wake wa zamani tuuache hivyo, au tuutoe wote tuweke mpya?

Jibu langu nalitoa mapema, msomaji asihangaike. Tubadilishe. Lakini tubadilishe tukiangalia nani atatusaidia tukikwama njiani, si tukiangalia kile kinachong'aa dukani.

Kamio yetu ni Mercedes-Benz 1113, ile yenye pua, injini mbele ya kabini. Kwa wasiojua namba hizo: 11 ni tani, uzito wa gari pamoja na mzigo wake, na 13 ni nguvu za farasi 130. Wajerumani walianza kutoa kamio za pua fupi mwaka 1959, na injini hii ya mitungi sita, lita 5.7, ikaja mwaka 1964. Baba mkubwa, ambaye sasa ni marehemu, aliinunua ikiwa tayari imetumika na watu wengine. Imebeba maharagwe, viazi na kabichi kutoka Djugu, imebeba bidhaa za Uganda kutoka Mahagi, imebeba pia maiti na maharusi. Mwaka 2003, mapigano ya mwezi wa tano yalipoanza mjini, baba mkubwa alifungua demareri, batri mbili na bomba moja la mazuti, akavificha mahali ambapo hata watoto wake hawakuambiwa. Waliokuja kuichukua waliipiga mateke magurudumu, wakaiacha. Nilikuwa mtoto, lakini naikumbuka ile sauti ya mateke.

Kwa hiyo mtu akisema "iuzeni kwa wakata vyuma", mama mkubwa hamjibu. Anaingia ndani.

Tatizo lenyewe ni hili: kamio haiwaki vizuri. Ikishawaka, inatembea. Lakini kuiwasha asubuhi ni bahati nasibu, na asubuhi za Djugu, kule juu, ni baridi. Basi mashoferi wetu wamezoea dawa ya zamani: usiku unaiegesha kwenye mteremko, unaweka jiwe kubwa mbele ya gurudumu, na asubuhi msaidizi anatoa jiwe, kamio inateremka, shoferi anaachia klachi, injini inashika. Sote tumeona. Tumecheka hata.

Mwaka jana hatukucheka. Kijana wetu, mtoto wa shangazi, alitoa jiwe, kamio ikaondoka mbele ya mkono wake. Injini ikiwa imezimika, pampu ya hewa haifanyi kazi, na breki za kamio hii zinategemea hewa. Shoferi alikanyaga, hakuna kitu. Gurudumu lilipita juu ya mguu wa kijana. Alipoteza vidole viwili. Mungu alisaidia, mzigo ulikuwa nusu. Tangu siku hiyo mtu akiniambia kwamba umeme wa kamio ni anasa, kwamba "injini ya mazuti haihitaji umeme", namwonyesha ule mguu.

Na kuna Komanda. Wanaofuata barabara ya taifa namba 4 kuelekea Luna na Beni wanajua msafara ni nini. Magari yanakusanyika, wanajeshi wanasindikiza, na saa ya kuondoka ikifika ni kuondoka. Hakuna anayekungoja. Hakuna pia anayetaka kusimama katikati ya njia: kila mtu anakumbuka Septemba 2021, msafara uliposhambuliwa karibu na Ofaye, magari yakachomwa na watu wakatekwa, ingawa walikuwa na wasindikizaji. Siku moja kamio yetu ilikataa kuwaka pale Komanda, msafara ukaondoka mbele ya macho yetu. Tulilala pale usiku tatu. Nyanya za watu zilioza juu ya kamio, na mama mkubwa alizilipa zote, kichwa kwa kichwa, kwa akina mama waliomwamini. Hizo tatu tulizilala kijijini penye watu. Ingekuwa ni kuzima njiani, huko msituni, sijui kama ningekuwa naandika haya.

Sasa tuingie kwenye umeme wenyewe. Mimi si fundi, ni mtu wa redio. Kazi yangu ni kuuliza. Nimeuliza mpaka mafundi wamenichoka.

Kamio hii ina batri mbili za volti 12. Taa, honi, vipanguzi vya kioo na geji, vyote vinatumia volti 12. Lakini demareri ni ya volti 24, kwa sababu injini kubwa ya mazuti ni nzito kuzungusha. Waliiunganisha vipi? Kiwandani waliweka kisanduku cha kubadilisha. Wakati wote batri mbili zimefungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Hapo zinabaki volti 12, na dinamo inazichaji pamoja. Ukibonyeza kuwasha, kisanduku kinazipanga moja nyuma ya nyingine, 12 juu ya 12, inakuwa 24, demareri inazunguka. Ukiachilia, zinarudi sambamba.

Ni akili nzuri, nakubali. Lakini ndani ya kisanduku kuna visahani vinavyogusana na kuachana kila ukiwasha, na mkondo mkubwa unapita hapo. Kisanduku chetu kilipofunguliwa, visahani vilikuwa vyeusi kama kaa la jiko. Mara vinagusa, mara havigusi. Hiyo ndiyo bahati nasibu yetu ya asubuhi.

Hilo lilikuwa jambo la kwanza. La pili liliniuma zaidi, kwa sababu nilikuwa ndani yake.

Kwa miaka, kamio hii ilijulikana kuwa "inakula balbu". Balbu ya kabini, balbu ya nyuma upande mmoja, zinaungua kila baada ya wiki chache. Watu walisema ni uzee. Mimi mwenyewe, nikiwa katika safari ya kazi, niliomba shoferi anichajie kinasa sauti changu kwenye ile waya nyekundu iliyoning'inia karibu na kiti. Alipowasha injini, kinasa kilitoa harufu na kufa. Nililaumu kinasa, nikalaumu Wachina, nikanunua kingine kwa mkopo.

Fundi mzee wa garaji aliifuata ile waya nyekundu kwa vidole, polepole, chini ya zulia, chini ya kiti, mpaka kwenye batri. Ilikuwa imefungwa kwenye chanya ya batri ya pili. Akanieleza, nikaelewa: batri zikiwa sambamba, pale pana volti 12, hakuna shida. Lakini dakika ile ya kuwasha, batri ya pili inapanda juu ya ya kwanza, na chanya yake inakuwa volti 24. Chochote kilichofungwa pale kinapigwa mara mbili ya chakula chake. Kiwanda hakikuweka waya hiyo. Iliwekwa na shoferi mmoja wa zamani aliyetaka muziki, akafuatia mwingine akaongeza balbu ya kabini, na mwingine taa ya nyuma. Uzee haukuwa na kosa.

Nilihesabu siku hiyo waya zilizoongezwa na watu: kumi na nne. Nyingi ni waya za nyumba, zile zenye uzi mmoja mgumu ndani. Waya ya gari inatakiwa iwe na nyuzi nyembamba nyingi ili istahimili kutikisika. Ule uzi mmoja ukitikiswa na mashimo ya barabara zetu unakatika ndani, na nje hauoni kitu. Maungio yamesokotwa kwa mkono na kufungwa na mfuko wa plastiki. Na fuzi? Mahali pa fuzi kulikuwa na msumari. Ndugu zangu, msumari. Juu ya kamio hiyo hiyo tunapandisha akina mama na watoto wao, magunia, godoro, na madumu ya mazuti na petroli. Waya ikigusa chuma hapo, msumari hautakatika. Kitakachoungua ni waya yenyewe na kilicho karibu nayo.

Kwa hiyo nasema kwa nguvu: kabla ya kuzungumza juu ya kubadilisha mfumo, toeni kwanza takataka. Rudisheni fuzi za kweli, wekeni moja kubwa karibu kabisa na batri, na swichi ya kukata umeme wote kamio ikilala. Safisheni mahali ambapo waya ya hasi inashika chasi, na ile ya kutoka injini kwenda chasi, kwa sababu kutu kidogo hapo inatosha kufanya demareri nzima ionekane imekufa. Kazi hii si ya bei. Ni ya siku mbili za mtu mwenye subira. Mafundi wengi hawaipendi kwa sababu huwezi kumwonyesha mteja kitu kipya ulichoweka.

Baada ya hapo ndipo swali la kweli linakuja, na hapo familia iligawanyika.

Kijana wetu wa umeme, ambaye anajua kazi na simdharau, alikuja na orodha: tubadilishe yote kuwa volti 24, alternateri mpya, taa za LED mstari mzima juu ya kabini, kengele ya wezi, redio kubwa, kigeuzi cha kuchajia simu kumi. Fundi mzee alisikiliza, akatema mate pembeni, akasema: "Mwanangu, hiyo ni harusi, si kamio." Yeye alitaka tusafishe visahani, tutengeneze dinamo, tuache kama ilivyokuwa. Hoja yake ni hii, nami naiheshimu: dinamo na regileta yake ya zamani inafunguliwa kwa bisibisi. Brashi za kaboni zikiisha, unachonga nyingine. Regileta ikikwama, unaisafisha kwa karatasi ya msasa. Lakini alternateri ina sehemu za elektroniki ndani. Zikifa, hata Mungu akikupa bisibisi hutazifufua, unangoja nyingine kutoka Kampala.

Ana haki. Vitu vingi vya zamani vinaishi katika Ituri kwa sababu hiyo tu, vinaweza kufunguliwa. Maji ya mto wetu huu wa Shari yanazungusha mashine kule Budana tangu wakati wa wakoloni, wakati wa Kilo-Moto, na zimeona tawala zote zikipita. Mtu anayesema "ya zamani ni mbovu" hajaishi hapa.

Lakini namjibu mzee kwa heshima kwa mambo mawili. Kwanza, dinamo haichaji vizuri injini ikizunguka polepole. Na sisi tunatembea vipi? Wakati wa mvua, kutoka hapa kwenda Iga-Barrière peke yake unaweza kula asubuhi nzima kwa gia ya kwanza na ya pili, taa zimewashwa kwa ajili ya ukungu, vipanguzi vinafanya kazi. Dinamo katika mwendo huo haijazi, batri ndizo zinazolipa. Unafika, unazima, na kesho yake unatafuta mteremko. Alternateri inachaji hata injini ikipumua tu.

Pili, na hii ndiyo hoja yangu kubwa: angalieni ni kamio gani zinatembea pamoja nasi. Fuso, Actros, DAF. Karibu zote ni volti 24. Siku ile Komanda, shoferi wa Fuso, mtu mwema, alikuja mbio na waya zake kutusaidia kabla msafara haujaondoka. Tulilazimika kumkataza. Ukichukua umeme wa kamio ya volti 24 ukaushika kwenye batri zetu zilizofungwa sambamba, unasukuma 24 ndani ya mfumo wa 12: unaweza kuunguza kila kitu, na batri zinaweza kupasuka na asidi ikamwagikia mtu. Yule mtu alibaki ameshika waya, anatutazama, hajui kwa nini tunakataa msaada. Tulikuwa na jamaa arobaini wenye batri nzima wametuzunguka, na hakuna hata mmoja aliyeweza kutukopesha.

Pale ndipo nilipofahamu kwamba umeme wa kamio ni kama lugha. Ukiwa peke yako unaweza kuongea yako. Katika msafara, afadhali uongee ya wenzako.

Wapo wanaosema basi twende upande wa pili, yote iwe volti 12, kama Land Cruiser na Hilux, kwa sababu balbu za 12 zinapatikana kila duka. Hapana. Demareri tuliyonayo ni ya 24, ni nzima, na ndiyo kitu cha bei kubwa kuliko vyote. Ukihamia 12 unaitupa. Tena kwa nguvu ile ile, volti 12 inahitaji mkondo mara mbili ya 24, yaani waya nene zaidi na maungio safi zaidi, na sisi na maungio safi tunajuana. Hata Wamarekani walipita hapo: kamio za Chevrolet ziliacha volti 6 zikaenda 12 mwaka 1955, Ford wakafuata 1956, kwa sababu injini zilikuwa zimekua na waya za volti 6 hazikutosha. Katika umeme wa gari watu hupanda, sijasikia wanaoshuka.

Mtu mmoja alinitumia kwenye simu picha za kamio kama yetu huko Ujerumani, inang'aa, imepakwa rangi ya kiwanda, mwenyewe anaitoa siku za sherehe tu. Kule gari likitimiza miaka 30 na kubaki karibu na hali yake ya asili linaweza kupewa namba yenye herufi H, na kodi yake ni ya peke yake. Kwao, kubadilisha umeme ni kupunguza thamani, na wanabishana kweli kweli juu ya kila skrubu. Nawaelewa. Lakini kamio yao inalala kwenye nyumba yenye mlango, na yetu inalipa ada ya shule. Hapa hakuna atakayetupa herufi yoyote kwa sababu tumehifadhi kisanduku cha 1960 na kitu.

Basi: kisanduku kitoke, batri zifungwe moja nyuma ya nyingine moja kwa moja, iwe 24 wakati wote. Demareri ibaki. Alternateri ya 24 iingie mahali pa dinamo. Balbu zote, honi, mota ya vipanguzi na kile kidude cha taa za kukata kona vibadilishwe. Geji zipewe kigeuzi kidogo cha 24 kwenda 12.

Na hapa naomba masikio ya mashoferi. Hapa kwetu mtu akihitaji volti 12 ndani ya kamio ya 24, anachofanya ni kushika waya katikati, kwenye batri moja tu. Redio inaimba, kila mtu anafurahi. Lakini batri hiyo moja inanyonywa, mwenzake hanyonywi. Alternateri inazichaji zote mbili kama pacha, kwa hiyo moja inabaki na njaa na nyingine inashibishwa kupita kiasi mpaka inachemka. Baada ya miezi mmenunua batri mbili. Kigeuzi kina bei ndogo kuliko batri moja.

Tabia nyingine ya kuacha: kuchomoa batri injini ikiwa inawaka ili kuwasha gari la rafiki. Dinamo ilivumilia utani huo. Alternateri ukiitenga na batri huku inazunguka, umeme unaruka juu kwa kishindo na unaua zile sehemu za elektroniki ndani yake. Hapo ndipo utasikia "alternateri za siku hizi ni feki". Mchomeleaji naye, akija kuunga chasi, waya za batri na za alternateri zitolewe kwanza.

Juu ya batri zenyewe nina neno, maana redio ilinifundisha kwa uchungu. Kwenye kituo tunatumia batri za sola, na ni nzuri kwa kazi yake: zinatoa kidogo kidogo usiku kucha. Batri ya kuwashia ni kinyume, inatoa nguvu nyingi kwa sekunde chache kisha inapumzika. Ndani hazikujengwa sawa. Sokoni wanakuuzia ya sola kwa ajili ya kamio kwa sababu ni kubwa na nzito na ina kibandiko kizuri. Uliza. Na msinunue moja mpya mkaifunga na moja ya zamani. Ile mbovu inamvuta mwenzake chini. Ni mbili pamoja, za aina moja, siku moja, au mngoje.

Yaliyobaki ya orodha ya kijana nimeyapinga wazi wazi mbele yake. Mstari wa LED juu ya kabini wa nini, wakati usiku hatutembei? Tangu utawala wa kijeshi, ule tunaouita état de siège, ulipoingia Mei 2021, na hata kabla yake, nani mwenye akili anapeleka mzigo usiku kwenye barabara ya Mahagi? Taa mbili nzuri za mbele, za nyuma zinazowaka zote, za kukata kona. Hizo zinatosha, na kwenye bariera zinakuokoa maneno, kwa sababu taa moja ikizimika ndiyo salamu ya kwanza utakayopewa. Kengele ya wezi pia hapana. Kadiri unavyoongeza vitu, ndivyo unavyorudi kwenye waya kumi na nne.

Kitu kimoja kisiguswe kabisa, na hapa mimi na fundi mzee tuko upande mmoja: pampu ya mazuti. Ni ya chuma tupu, haina umeme, na injini inazimwa kwa kebo ya kuvuta kwa mkono. Maana yake ni kwamba hata alternateri ikifa katikati ya msitu, hata batri zikiibiwa, alimradi injini haijazimwa kamio itakufikisha. Magari mapya hayana zawadi hiyo. Kijana alikuwa na wazo la kuweka kizimio cha umeme, "ubonyeze tu kitufe". Mama mkubwa, ambaye alikuwa kimya muda wote akichambua maharagwe, aliinua kichwa akauliza: "Na hicho kitufe kikikataa kwenye bariera ya Djugu, nani ataniletea kingine?" Wazo likafa pale.

Gharama? Tulipiga hesabu mara tatu. Kazi yote, pamoja na batri mbili, inakaribia mapato ya safari tatu za Mahagi ambazo mzigo umejaa na njia ni nzuri. Safari za namna hiyo mwaka huu hazikuwa nyingi. Ndugu zangu wawili walitaka fedha hiyo iende kwenye pikipiki mbili za kukodisha, na sikuona ujinga ndani ya wazo lao. Pikipiki inarudisha fedha upesi. Lakini pikipiki haibebi kabichi za akina mama kumi na watano, na wale kumi na watano ndio waliokuja kumwona mama mkubwa siku ya msiba.

Ameamua mwenyewe, Jumamosi iliyopita. Kazi inaanza wiki hii, kwa mafungu: kwanza waya za ovyo na fuzi, kisha alternateri, batri za mwisho fedha ikipatikana. Fundi mzee na kijana watafanya pamoja, mzee amekubali kwa sharti kwamba dinamo ya zamani isiuzwe, ifungwe kwenye gunia ikae nyuma ya kiti. Kijana ameambiwa aandike kwenye daftari kila waya, rangi yake na inapokwenda, na daftari likae ndani ya kabini. Hilo nililiomba mimi, kwa kumbukumbu ya kinasa changu.

Bado tunatafuta alternateri. Mwenye nayo ya Fuso, volti 24, iliyotoka kwenye gari lililogongwa na si kwenye gari lililokufa, apite hapa Shari aulizie kamio ya pua ya bluu. Watoto wote wanaijua. Aje nayo mkononi, maana fundi mzee atataka kuizungusha kwanza na kusikiliza beringi zake kabla bei haijatajwa.